Mtoto Apewe Mstari Wake Katika Dodoso

Mwaka 2016 Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto (UNICEF) zilichapisha ripoti kuhusu umaskini wa watoto nchini Tanzania. Takwimu zilitoka kwenye utafiti mmoja wa mwaka 2012/13, ule unaorudi kwa kaya zilezile baada ya muda kuona hali zao zimekwendaje. Swali lilikuwa moja, likapimwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilitazama fedha: mtoto ni maskini ikiwa matumizi ya kaya yake yako chini ya mstari wa umaskini. Jibu likawa asilimia 29. Njia ya pili ilimtazama mtoto mwenyewe na yale anayoyakosa, kuanzia lishe, matibabu, elimu na maji safi hadi choo, makazi, taarifa na ulinzi. Waliokosa mahitaji kadhaa kwa pamoja walifika asilimia 74.

Toa ndogo kwenye kubwa. Hata tukichukulia kwamba kila mtoto aliyehesabiwa maskini kwa fedha alikuwamo pia kwenye orodha ya pili, bado wanabaki watoto 45 katika kila 100 ambao kaya zao hazikuhesabiwa maskini lakini wao wenyewe ni maskini. Baba na mama wako juu ya mstari, mtoto wao yuko chini yake.

Wasomaji wengi wa ripoti za namna hii huishia hapo, wakasema wataalamu wametofautiana na wakafungua ukurasa mwingine. Naona tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe. Serikali inapochagua kipimo, inachagua pia nani aonekane na nani afichike, na fedha hufuata wanaoonekana. Tumejifunza kuipima kaya kwa ustadi mkubwa. Mtoto bado tunampima kwa kubahatisha, kana kwamba hali yake inasomeka kwenye paa la nyumba anamolala.

Tuanze na namna kaya inavyopimwa, kwa sababu kazi hiyo inastahili heshima. Chombo kikuu Tanzania Bara ni Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi. Mdadisi anafika mtaani au kijijini na barua yake, anatambulishwa na mwenyekiti au mtendaji, kisha anagonga mlango wa kaya iliyoangukia kwenye sampuli. Kaya kwake ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Anaandika kilichonunuliwa dukani na kilichovunwa shambani, anaandika hata kile walichopewa na jirani, na harudi mara moja tu. Katika utafiti wa 2011/12 matumizi yalifuatiliwa kwa siku 28 mfululizo. Kutokana na kazi hiyo ya jasho tunajua kwamba umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ulikuwa asilimia 34.4 mwaka 2007, ukashuka hadi 28.2 mwaka 2011/12, na kufika 26.4 mwaka 2017/18. Bila wadadisi hao tungekuwa tunabishana kwa hisia tu.

Lakini baada ya matumizi ya kaya kujumlishwa, inabidi yagawanywe kwa watu waliomo, na hapo ndipo mtoto anapopotea. Mwanamume wa miaka 19 hadi 59 anahesabiwa kuwa mtu mzima mmoja kamili. Mtoto wa chini ya miaka mitatu anahesabiwa kuwa sehemu 0.40 ya mtu huyo. Wa miaka saba au minane ni 0.64. Viwango hivi vilitokana na mahitaji ya mwili ya nishati ya chakula: mtoto mdogo anakula kidogo, basi anahitaji kidogo. Mstari wa umaskini wa 2017/18 ulikuwa shilingi 49,320 kwa mwezi kwa mtu mzima mmoja. Zidisha kwa 0.40 upate fungu la mtoto mchanga: shilingi 19,728 kwa mwezi, yaani kama shilingi 658 kwa siku.

Kila aliyewahi kulea ajiulize kama hesabu hii inamfahamu mtoto. Tumbo lake ni dogo, ni kweli. Ila mtoto wa mwaka mmoja anafuliwa nguo mara nyingi kwa siku kuliko mtu mzima, na sabuni ina bei. Anaugua mara nyingi, na kila homa ina nauli ya kwenda zahanati, dawa ambayo pengine haipo dirishani, na siku ya kazi ambayo mama ameikosa. Maziwa ya mama yakikatika mapema, kopo la maziwa ya dukani linameza fungu lake la wiki nzima na zaidi. Kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya chakula kimebebeshwa maisha yote ya mtoto.

Kuna dhana nyingine iliyojificha ndani ya mgao huo, nayo inanisumbua zaidi. Hesabu inachukulia kwamba kila aliyemo katika kaya anapata haki yake kwa uwiano wa mahitaji yake. Ukiwa ndani ya kaya isiyo maskini, basi nawe si maskini. Jamii yetu inajua wazi kwamba sivyo. Yupo yatima aliyepokelewa kwa mjomba, anayekula baada ya wenzake na anayevaa nguo walizozichoka. Yupo mtoto wa kambo ambaye mahitaji yake ya shule ndiyo ya kwanza kukatwa mambo yakibana. Yupo msichana wa kazi wa miaka 15, aliyeletwa mjini kutoka kijijini, anayelala jikoni au sebuleni katika nyumba yenye jokofu, televisheni na gari uani. Mdadisi akifika, msichana huyo anaandikwa kama mwanakaya. Jokofu ni lake, gari ni lake, matumizi ya nyumba yanagawanywa na yeye akiwamo. Kwenye jedwali ni mtoto wa kaya yenye uwezo. Hakuna mstari ulioandikwa swali la kama ana godoro, au kama mshahara wake unamfikia yeye.

Siwalaumu wadadisi. Wanauliza walichotumwa kuuliza.

Ushahidi mkubwa kwamba fedha ya kaya na hali ya mtoto ni mambo mawili uko Nyanda za Juu Kusini. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, kutoka asilimia 42 mwaka 2010 na 34 mwaka 2015/16. Ni maendeleo ya kweli, na waliohangaika kuyaleta wapewe sifa yao. Sasa shuka kwenye mikoa. Iringa, asilimia 56.9. Njombe, 50.4. Rukwa, 49.8. Hii ni mikoa inayolisha nchi. Malori ya mahindi na viazi yanayoshuka kuelekea Dar es Salaam yanatoka huko. Ghala limejaa, na zaidi ya nusu ya watoto wa Iringa ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka.

Udumavu haupimwi kwa kumuuliza baba ana debe ngapi. Unapimwa kwa mtoto mwenyewe: wa chini ya miaka miwili analazwa juu ya ubao wa kupimia urefu, mkubwa kidogo anasimamishwa, na kipimo chake kinalinganishwa na viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, vilivyotokana na watoto waliolelewa katika mazingira mazuri nchini Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Wapo wanaosema watu wetu ni wafupi kwa asili. Viwango hivyo viliwakusanya watoto wa mabara mbalimbali, Waafrika wakiwamo, na vikaonyesha kwamba mtoto mdogo akilishwa na kutunzwa ipasavyo hukua kwa kasi inayokaribiana popote alipozaliwa.

Ubao ule unafichua yale ambayo shajara ya matumizi haiwezi kuyafichua. Uji wa mahindi matupu asubuhi na jioni unamshibisha mtoto bila kumjenga. Mama anayeshinda shambani au kwenye mashamba ya chai anamwachia mtoto wa miaka sita kazi ya kumlisha mdogo wake. Kuhara kunakorudi kila mwezi kunafuta chakula kilicholiwa. Kaya inaweza kuuza magunia arobaini na kujenga nyumba ya bati, na shajara ikaonyesha ustawi, wakati mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaendelea kudumaa ndani ya nyumba hiyohiyo. Mpango wa kunusuru kaya maskini unaoendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) unatafuta walengwa kwa hali ya kaya, kwanza kwa mkutano wa kijiji na kisha kwa dodoso linalokadiria umaskini wa kaya kwa sifa zake. Ni mpango uliosaidia wengi, ila haukuundwa kumwona mtoto huyu.

Ningependa kusema kwamba dawa ni nyepesi, yaani tuongeze maswali tu. Lakini dodoso lenyewe ni chombo kinachoweza kudanganya, na Tanzania imetoa moja ya mafunzo makubwa duniani kuhusu jambo hilo. Mwaka 2007 na 2008 watafiti wa uchumi walifanya jaribio katika kaya takribani 4,000 za hapa nchini. Waligawa kwa bahati nasibu madodoso ya matumizi ya namna nane tofauti: mengine yaliuliza kumbukumbu ya siku saba, mengine ya siku kumi na nne, mengine yaliandikwa kila siku kwenye shajara, mengine yakawa na orodha ndefu ya vyakula na mengine fupi. Nchi ilikuwa ileile na mwaka uleule. Kiwango cha njaa kilichopatikana kilitofautiana kutoka asilimia 19 hadi asilimia 68, kutegemea dodoso lililotumika.

Jaribio hilohilo liligusa ajira ya watoto, na matokeo yake yanawapinga watu wenye mawazo kama yangu. Mtu angetegemea kwamba mtoto akiulizwa mwenyewe atasema anafanya kazi zaidi kuliko mzazi anavyokiri. Haikuwa hivyo. Aliyejibu hakuleta tofauti kubwa. Kilicholeta tofauti ni undani wa maswali. Ukiuliza kwa jumla kama mtoto anafanya kazi, unaambiwa hapana, kwa sababu kuchunga mbuzi au kuuza karanga kituo cha basi hakuitwi kazi nyumbani. Ukitaja shughuli moja moja, majibu yanabadilika. Kwa hiyo ninapodai mtoto apimwe mwenyewe, sidai tuendeshe utafiti kwa huruma. Nadai maswali yaliyotungwa kwa makini kuhusu kila mtoto, yakitaja vitu na shughuli kwa majina yake, bila kujali anayejibu ni nani pale ambapo haileti tofauti.

Njia ya kuyatunga maswali hayo ipo, na jirani zetu wamekwisha kuipita. Tangu Seebohm Rowntree alipozunguka nyumba za wafanyakazi wa mji wa York, Uingereza, mwaka 1899, akiandika mishahara na bei za vyakula, umaskini ulipimwa kwa kile mtaalamu alichoona kinatosha kuufanya mwili uende. Midoli na peremende za watoto hazikuwamo kwenye hesabu yake. Rowntree alikuwa mtu mwema na kazi yake ilibadili sera, na yeye ndiye aliyeonyesha kwamba utoto ni miongoni mwa vipindi ambavyo maskini huumia zaidi. Lakini mstari ulichorwa na mtaalamu. Mwaka 1983, hukohuko Uingereza, Joanna Mack na Stewart Lansley waligeuza utaratibu: wakawauliza wananchi wenyewe ni vitu gani mtu hapaswi kuvikosa katika nchi yao. Kile ambacho walio wengi walikitaja kuwa cha lazima kikawa kipimo, na aliyekikosa kwa sababu ya kutokuwa na uwezo akahesabiwa kuwa amepungukiwa.

Uganda ilichukua njia hiyo katika utafiti wake wa kitaifa wa kaya wa mwaka 2016/17. Waganda waliulizwa mtoto anahitaji nini. Wakataja milo mitatu kwa siku, blanketi, viatu vinavyomtosha, nguo za kubadilisha, sabuni na vifaa vya usafi, vitabu na mahitaji ya shule, kupelekwa hospitali akiugua. Halafu kaya zikaulizwa kama watoto wao wanavyo, na kama hawana, ni kwa sababu ya kukosa fedha au kwa sababu nyingine. Zaidi ya nusu ya watoto wa Uganda walionekana kuishi katika umaskini kwa kipimo hicho.

Naipenda njia hii kwa sababu inamnyang'anya mtaalamu haki ya kuamua peke yake. Hakuna aliyewaletea Waganda orodha kutoka New York. Blanketi liliingia kwa sababu wananchi walisema mtoto asilale bila blanketi. Na pale mkulima wa kijijini na mfanyabiashara wa mjini wanapokubaliana kwamba mtoto lazima awe na viatu, mbunge hawezi kusimama akasema viwango hivyo ni vya Wazungu.

Tungefanya hivyo Tanzania, nadhani orodha yetu ingefanana na ya Uganda kwa sehemu kubwa na kuwa na yetu pia. Sare ya shule na madaftari vingekuwamo. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi haina ada, lakini mzazi yeyote anajua kwamba sare na michango ya chakula bado ndivyo vinavyoamua nani abaki darasani na nani arudishwe nyumbani. Taulo za kike zingekuwamo, na wasichana wangetakiwa kuulizwa wao. Chandarua kingekuwamo. Wazazi wa Mtwara wangetaja kitu ambacho wazazi wa Kagera hawakitaji, na hapo wataalamu wangekuwa na kazi ya kukaa na kupatanisha. Hiyo ndiyo kazi yao. Kuchora mstari bila kuuliza si kazi yao.

Yapo mambo ambayo hayataonekana kwa maswali ya vitu. Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliowauliza vijana wa miaka 13 hadi 24, wa kike na wa kiume, yaliyowapata kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu wasichana watatu kati ya kumi walisema walifanyiwa ukatili wa kingono. Kwa wavulana ni mmoja kati ya saba. Karibu robo tatu ya wote walipigwa, kupigwa mateke au kuumizwa mwili kwa namna nyingine. Nchi ilishtuka, na mipango ya taifa ya kupambana na ukatili dhidi ya wanawake na watoto iliyofuata ilisimama juu ya takwimu hizo. Jambo hili halikugunduliwa mwaka 2009. Lilikuwapo muda wote. Hakuna aliyekuwa ameuliza kwa utaratibu, faraghani, kwa msaili aliyefunzwa, na huku ustawi wa jamii ukiwa umejiandaa kumpokea kijana atakayehitaji msaada baada ya kusema.

Sharti hilo la mwisho ni zito kuliko yote. Swali kwa mtoto ni mkono ulionyooshwa. Huwezi kumuuliza binti wa miaka 14 kama nyumbani kuna mtu anayemwogopa, ukaandika jibu kwenye kishikwambi, ukashukuru na kuondoka. Anayetaka takwimu za namna hii lazima kwanza atenge fedha za mshauri, gari na hifadhi. Utafiti usio na maandalizi hayo ni heri usifanyike.

Kuhusu elimu, somo zuri lilitoka kwa Uwezo, mpango wa shirika la Twaweza ulioanza kupima watoto wa Afrika Mashariki mwishoni mwa muongo wa 2000. Wahojaji wa kujitolea walikwenda nyumba kwa nyumba wakiwa na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili na hesabu chache, wakamwomba kila mtoto wa miaka saba hadi kumi na sita asome mbele yao. Kwa kuwa walikwenda nyumbani badala ya shuleni, walimkuta na yule asiyesoma kabisa. Ripoti ya kwanza ya Tanzania ilionyesha kwamba takribani wanafunzi watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliweza kuisoma hadithi hiyo kwa Kiswahili. Tulikuwa tukisherehekea uandikishaji, madawati na majengo. Mtoto alipopewa karatasi mkononi, ukweli ukajitokeza sebuleni kwa wazazi wake, nao wakauona kwa macho yao.

Kazi ya namna ile, inayofanywa na wananchi nje ya ofisi ya serikali, inahitaji hewa ya kupumulia. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa na kufanya kuwa kosa kuchapisha takwimu zinazopingana na zile rasmi. Mwaka 2019 kifungu hicho kililegezwa, na nashukuru. Mtu anayempima mtoto na kupata jibu tofauti na la serikali anatakiwa kujibiwa kwa takwimu bora zaidi, si kwa hati ya mashtaka.

Hata dodoso likitungwa vizuri namna gani, wapo watoto wasiofikiwa kwa kugonga mlango, kwa kuwa hawana mlango. Utafiti wa kaya unawaacha nje wanaolala mitaani, walio kwenye makao ya kulelea watoto na walio mabwenini. Mtoto wa mfugaji aliyehama na ng'ombe huenda akawa mbali siku mdadisi anapofika. Mvulana aliyeko kwenye dago la wavuvi anahesabiwa kama mwanakaya wa kijijini kwao, ikiwa atahesabiwa kabisa. Hali ni mbaya zaidi kwa jirani zetu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako sensa ya mwisho ilifanyika mwaka 1984. Sampuli ya utafiti huanzia kwenye orodha ya watu na maeneo. Mtafiti anayetaka kujua hali ya watoto wa Goma au Bukavu, ambako vita imehamisha familia mara kwa mara, anaanza na ramani ya watu iliyopitwa na miongo minne. Watoto hao, Waswahili wenzetu, wako kwenye makadirio tu. Tanzania ilihesabu watu wake mwaka 2022, ikapata 61,741,120. Tuna orodha ya kuanzia. Hatuna kisingizio hicho.

Nimeacha mwisho jambo ambalo naamini lingeleta mabadiliko ya haraka kuliko mengine. Takwimu zetu za watoto huishia ngazi ya mkoa, wakati maamuzi hufanyika halmashauri. Tanzania Bara ina halmashauri 184. Chini ya mkataba wa lishe ulioanza mwaka 2017, kila halmashauri inatakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Huo ni mfano mzuri wa kipimo kuzaa fedha. Lakini mkurugenzi wa halmashauri akiuliza udumavu uko kwa kiasi gani kwake, anapewa asilimia ya mkoa mzima, inayochanganya mji na milima, pwani na bara. Kenya walishapiga hatua hapa. Utafiti wao wa afya wa mwaka 2022 ulikuwa na sampuli ya kutosha kutoa jibu kwa kila kaunti kati ya 47. Kitaifa udumavu ulikuwa asilimia 18, kiwango cha kujivunia. Kaunti ya Kilifi ilikuwa asilimia 37. Wastani wa taifa ungemficha mtoto wa Kilifi kabisa. Sasa gavana wa Kilifi hawezi kujificha nyuma ya Nairobi, na mzazi wa Malindi ana tarakimu ya kumuulizia diwani wake.

Kupanua sampuli kuna gharama kubwa, najua. Kila kaya inayoongezwa ni mdadisi, posho, mafuta ya gari na siku za kazi. Lakini zahanati inayojengwa mahali pasipo na shida na isijengwe pale penye shida nayo ina gharama, na hiyo tunailipa kila mwaka bila kuiandika popote.

Malengo ya Maendeleo Endelevu, ambayo Tanzania iliyakubali mwaka 2015, yanataka ifikapo mwaka 2030 uwiano wa wanaume, wanawake na watoto wa umri wote wanaoishi katika umaskini wa kila namna upungue angalau kwa nusu. Watoto wametajwa kwa jina. Hatuwezi kusema tumepunguza nusu ya kitu tusichokipima kwa mfululizo, kwa njia ileile, mwaka hadi mwaka.

Kwa hiyo naziomba NBS na wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii na watoto ziketi mapema, kabla dodoso la utafiti ujao wa mapato na matumizi halijafungwa, zitenge sehemu ya mtoto mmoja mmoja: anakula nini, analala wapi, anavaa nini, anafanya kazi gani, anasoma nini na anaweza kukisoma. Nawaomba wabunge wa kamati inayohusika waulize fedha za sampuli ya halmashauri ziko wapi katika bajeti. Naomba matokeo yarudi kijijini yalikotoka, yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kwa Kiswahili, ili waliotoa majibu wajue majibu yao yalisema nini.

Na wewe msomaji, siku mdadisi atakapobisha hodi kwako, mkaribishe. Mwache mama wa watoto naye ajibu. Mtaje kila mtoto anayelala chini ya paa lako, aliyezaliwa na wewe na asiyezaliwa na wewe, na yule binti aliyeko jikoni umtaje pia, kwa umri wake wa kweli.